Kipoza oili cha giaboksi ya otomatiki: kabla ya kukifunga, tazama rediata

Gari la kubebea watalii likirudi kutoka hifadhi ya Bwindi, hapa Uganda, huku giaboksi yake ya otomatiki inachelewa kubadilisha gia, ninaanza kwa kuchomoa dipstiki na kudondosha tone la oili kwenye karatasi nyeupe. Oili nzima huacha doa jekundu linalotanuka taratibu. Iliyoungua huwa kahawia, weusi hubaki katikati ya doa, na inanuka kama mkate ulioungua. Ikifika hapo, klachi za ndani zimeshaanza kula hasara, na kipoza oili, yaani rediata ndogo ya oili inayofungwa mbele ya gari, peke yake hakitazirudisha.

Wateja wengi hulaumu jua kwa oili kuungua. Lakini Kampala iko karibu mita 1,200 juu ya bahari, na Kisoro asubuhi watu wanatembea na makoti. Giaboksi hupata joto kwa sababu ya mwendo wa polepole. Ndani ya toki-konveta, chombo kinachounganisha injini na giaboksi, injini huzungusha pangaboi moja, oili inasukumwa, nayo inazungusha la pili linalokwenda kwenye giaboksi. Ukiwa kwenye lami kwa kasi ya kutosha, klachi ndogo ya ndani hufunga hayo mawili yakaenda pamoja. Ukipanda kilima cha Rushaga kule Bwindi kwenye tope, au ukivuka mchanga wa mto Kidepo, ile klachi haifungi. Injini inazunguka sana, matairi yanasogea kidogo, na tofauti hiyo yote inageuka joto ndani ya oili.

Oili ya otomatiki inapenda kukaa kati ya nyuzi 80 na 95. Mafundi tuna kanuni ya kukadiria kwamba kila inapozidi hapo kwa nyuzi kumi hivi, maisha yake yanakatika nusu. Usingoje taa ya A/T OIL TEMP, ile ya kuonya joto la oili ya giaboksi, iwake kwenye dashibodi. Taa ile inachelewa mno. Skana ndogo ya bluetooth inayosoma kompyuta ya gari, pamoja na simu yako, vitakuonyesha joto la oili ukiwa bado kilimani, na kwa gari la kazi naona hiyo ni spea ya kununua kabla hata ya kipoza chenyewe.

Sasa kuna ushauri unaozunguka gerejini ambao siukubali: kuruka rediata kabisa na kupeleka oili yote kwenye kipoza kipya cha mbele. Naelewa unakotoka. Kwenye magari mengi oili hupita kwenye mrija ulio ndani ya tangi la rediata, na mrija ule ukitoboka, maji na oili vinachanganyika. Utaona oili ya waridi yenye povu, na gundi inayoshika klachi inaachia. Sheria ya 2018 ilizuia kuingiza Uganda magari yaliyozidi miaka 15, lakini gari la miaka 12 bado linaingia, na mara nyingi rediata yake ina miaka 12 vilevile. Hofu ina msingi.

Tatizo ni kwamba kipoza cha mbele kinategemea upepo. Ukitambaa kwa kilomita 8 kwa saa juu ya mawe, upepo wa gari haupo; kuna ule wa feni tu, nao lazima upenye kondensa ya eisii (AC) na rediata pia. Maji ya rediata yanasukumwa na pampu hata gari likiwa limesimama. Kwa hiyo gari linalofanya kazi ya polepole linahitaji vyote viwili. Mimi humwambia mteja anunue rediata mpya kwanza, kisha oili ipite humo, iende kwenye kipoza, ndipo irudi kwenye giaboksi. Asiyekuwa na hela ya vyote, anunue rediata. Nitakayekubali kumfungia oili isipite kwenye rediata ni yule tu anayefunga kipoza chenye feni yake ya umeme.

Kujua mpira upi ni wa kurudi, usikisie. Zuia matairi, vuta breki ya mkono, weka gia kwenye N. Chomoa mpira mmoja kwenye rediata, weka chupa safi, mtu awashe injini kwa sekunde mbili tatu tu. Oili ikitoka kwenye mpira, huo ndio unaoleta oili kutoka giaboksi. Ikitoka kwenye rediata, umeupata wa kurudi, na kipoza kinafungwa hapo.

Tumia mpira uliotengenezwa kwa oili ya giaboksi. Mpira wa maji huvimba na kulainika. Ukikata paipu ya chuma, mwisho wake lazima urudishiwe nundu, la sivyo mpira utateleza njiani hata klampu ikiwa imekazwa. Zile pini za plastiki zinazopita katikati ya mapezi ya kipoza (vile vipande vyembamba vya bati) nazitupa: barabara ya marramu inatikisa gari siku nzima, na pini inasugua mpaka inatoboa. Mabano ya chuma natengenezewa Katwe, mtaa wa mafundi Kampala, nayafunga kwenye fremu ya rediata kwa vipande vya mpira, na kati ya kipoza na kondensa naacha nafasi ya kidole. Midomo ya kipoza itazame juu au pembeni ili hewa itoke.

Baadaye ongeza oili, kwa sababu kipoza na mipira yake vinameza. Prado nyingi za gia tano hazina dipstiki. Kiwango kinapimwa kwenye tundu la chini, gari likiwa mahali tambarare, injini ikiwaka, oili ikiwa kwenye joto lililoandikwa na kiwanda, ambalo mara nyingi ni karibu nyuzi 40. Ukipima ikiwa moto mno utadanganyika, kwa sababu oili hutanuka.

Rudi ukague klampu baada ya safari ya kwanza. Na ukitoka hifadhi za Murchison au Kidepo, mbegu za nyasi zitakuwa zimejaa kwenye mapezi. Zitoe kwa maji ya nguvu ndogo, ukielekeza kutoka upande wa injini kuja mbele, na mwoshaji asilete ile bomba ya presha karibu, maana inalaza mapezi na upepo haupiti tena.