Kwa nini Mozart alitunga konseto 12 za piano katika miaka mitatu, kisha akatunga mbili tu?

Tarehe 9 Februari 1784, akiwa na umri wa miaka 28, Wolfgang Amadeus Mozart alianza kutunza daftari la kuorodhesha kila kazi aliyoikamilisha, pamoja na tarehe yake na nota chache za mwanzo wake. Kazi ya kwanza kuingia humo ilikuwa konseto ya piano, yaani utungo ambamo mpigaji mmoja wa piano hujibizana na okestra, kwa kawaida katika sehemu tatu. Ukilifuata daftari hilo hadi Desemba 1786 utahesabu konseto 12 za piano. Kuanzia hapo hadi alipofariki, Desemba 1791, zimo mbili tu. Si kwamba kipaji kilimwishia, maana katika miaka hiyo ya mwisho alitunga opera ya Don Giovanni na simfonia zake tatu kubwa za 1788.

Ukizitazama tarehe zenyewe utaona jambo la ajabu: kati ya konseto hizo 12, ni moja tu iliyokamilishwa Septemba, na nyingine zote zilikamilishwa kati ya Desemba na Aprili. Hiyo ndiyo iliyokuwa miezi ya muziki mjini Vienna. Wakati wa Majilio na hasa wakati wa Kwaresima, opera na michezo ya kuigiza ilipunguzwa au kusimamishwa kwa heshima ya dini, na watu wenye nafasi, ambao majira ya joto wengi wao walihamia kwenye majumba yao ya mashambani, walikuwa mjini wakitafuta burudani. Matamasha ya muziki yalijaza pengo hilo.

Mozart aliihitaji sana miezi hiyo, kwa kuwa hakuwa na mshahara. Mwaka 1781 alikuwa amekosana na mwajiri wake, Askofu Mkuu Colloredo wa Salzburg, na utumishi wake ukakoma kwa teke alilopigwa na Karl Arco, kabaila aliyekuwa ofisa wa askofu huyo. Alibaki Vienna, mji ambao katika barua kwa baba yake aliuita nchi ya piano, akiishi kwa kufundisha, kuuza tungo na kupiga piano mbele ya watu.

Utaratibu wa matamasha yake ulikuwa wa kibiashara hasa. Aliandaa mfululizo wa matamasha, akapitisha orodha ya kujiandikisha, na wasikilizaji wakalipia mfululizo mzima. Katika Kwaresima ya 1784 alipata watu 174 kwa matamasha matatu katika jengo la Trattnerhof, kila mmoja kwa florini 6 (florini ilikuwa sarafu ya huko). Hizo ni florini 1,044 kabla ya kutoa gharama, ilhali kazi ya kupiga kinanda huko Salzburg ilikuwa imempa florini 450 kwa mwaka. Hata hivyo, wateja hao walikuwa ni walewale wiki hadi wiki, na hakuna aliyetaka kulipia tena alichokwisha kukisikia. Konseto mpya ndiyo iliyokuwa bidhaa yake, kwani ilimwonyesha kwa mara moja kama mtunzi na kama mpigaji, na mara nyingi ilimalizwa siku chache tu kabla ya kuhitajika.

Ushahidi mzuri wa haraka hiyo ulitoka kwa baba yake, Leopold, aliyewasili Vienna tarehe 11 Februari 1785, siku ya tamasha la kwanza katika ukumbi wa Mehlgrube. Konseto ya D minor (konseto hutambulishwa kwa ufunguo wake wa muziki), ambayo wengi leo huiona kuwa miongoni mwa kazi zake nzito kuliko zote, ilikuwa imeingizwa daftarini siku moja tu kabla. Leopold alimwandikia binti yake kwamba alipofika mnakili alikuwa bado anaandika nota, na kwamba Wolfgang hakuwa amepata hata muda wa kuipiga sehemu ya mwisho kwa majaribio. Aliandika pia kwamba piano ya mwanawe ilibebwa mara kwa mara kutoka nyumbani kwenda kwenye kumbi na majumba ya wakubwa.

Bidhaa ya namna hiyo hulindwa. Mwaka 1784, alipompelekea baba yake konseto nne, Mozart alimsihi zinakiliwe nyumbani, kwa kuwa hakuwaamini wanakili wa Salzburg, alikoishi baba yake. Ndege, hata hivyo, hazuiliki: Mei mwaka huo alinunua kwezi, naye akaandika katika hesabu zake wimbo wa ndege huyo, ambao karibu ni uleule unaofungua sehemu ya mwisho ya konseto yake ya G major, iliyokamilishwa mwezi uliotangulia.

Soko lilipolegea, konseto nazo zilipungua. Umaarufu wake kama mpigaji haukuwa tena jambo jipya, naye akaelekeza nguvu kwenye opera. Kisha mwaka 1788 Austria iliingia vitani dhidi ya Waturuki, na matumizi ya anasa yakabanwa. Mwaka 1789 alijaribu tena kupitisha orodha yake, na baada ya wiki mbili ilikuwa na jina moja tu, la Gottfried van Swieten, mpenzi mkubwa wa muziki. Konseto yake ya mwisho ya piano aliikamilisha Januari 1791. Aliipiga tarehe 4 Machi, akiwa mgeni katika tamasha lililoandaliwa na mpiga klarineti Josef Bähr.