Nyekundu Si Kategoria

Wiki hii tena mteja, mwenye duka la nguo za sherehe hapa Kampala, kaniomba nimfungulie kategoria ya "Gomesi Nyekundu" kwenye duka lake la mtandaoni (gomesi ni lile vazi refu la sherehe la wanawake wa Uganda). Nikamuuliza nyingine zitakaa wapi. Akanitumia orodha kwa WhatsApp: gomesi za kijani, za zambarau, za saizi kubwa, za bei nafuu. Bosi wangu, kwa mwendo huo menyu itakuwa ndefu kuliko foleni ya Jinja Road.

Rangi na saizi ni sifa za bidhaa. WooCommerce, programu inayoendesha duka hilo juu ya WordPress, imezitengea mahali pake, na ukizijaza hapo unaweza kuweka vichujio: mnunuzi anachagua nyekundu, anaongeza saizi kubwa, anabaki na zile anazozitaka tu. Ukizifanya kategoria, gomesi moja inaandikwa kotekote, halafu anayetaka nyekundu ambayo pia ni kubwa hana pa kubonyeza. Bei nayo ina kichujio chake. Tusonge.

Kinachoniudhi zaidi ni kuitilia bidhaa tiki kwenye kila kisanduku cha kategoria "ili ionekane sana". Ile njia ya juu ya bidhaa, Nyumbani / Wanawake / Gomesi, huwa moja tu hata bidhaa ikiwa kwenye kategoria tano. WooCommerce haikuulizi unapenda ipi. Kwa kawaida huchukua kategoria ambayo mzazi wake (kategoria iliyo juu yake) ana namba kubwa zaidi kwenye hifadhidata, yaani mara nyingi mzazi uliyemfungua mwishoni. Kwa hiyo mtu anaingia kupitia Gomesi, akitazama juu anaambiwa yuko Ofa / Krismasi, na sisi tuko Mei. Na kategoria mama huonyesha bidhaa za watoto wake yenyewe, huna haja ya kuitilia tiki.

Mpangilio je? Kuburuta kategoria kwenye orodha yake, chini ya Bidhaa, kunapanga ukurasa wa duka. Menyu ya juu ni ya WordPress, mfumo wa tovuti yenyewe, hupangwa kwingine, kwa hiyo msinipigie usiku kwamba "imegoma". Walio kwenye OpenCart, programu nyingine ya maduka ya mtandaoni, kwenye namba ya mpangilio andikeni 10, 20, 30 badala ya 1, 2, 3, ili kesho mpate nafasi ya kuchomeka kitu katikati. Alfabeti nayo muiache kamusini: kwa alfabeti, "Bangili" zinatangulia gomesi na kanzu ambazo ndizo zinalipa kodi ya duka, na kwenye simu mtu anaona vitu vichache tu kabla ya kuchoka.

Panaponitatiza kweli ni Kwanjula, ile sherehe ya Kiganda ya utambulisho kabla ya ndoa. Familia inayojiandaa inataka gomesi, kanzu na koti kwa mkupuo mmoja, na haijali ipi ni ya kike na ipi ya kiume. Wenzangu wanasema hiyo iwe lebo (tag) tu, si kategoria. Mimi naifanya kategoria ya ngazi ya juu, isiyo na mzazi: mzazi wake anahesabiwa 0, kwa hiyo haiwezi kuiibia Gomesi ile njia. Inafanya kazi. Ila kesho akija wa harusi ya kanisani, halafu wa nikahi, sijui nitawakatalia kwa hoja gani.