Je, wajua kwa nini majibu ya figo "ya kawaida" yanaweza kuwa mabaya kwa mjamzito mwenye sukari?

Mdogo wangu ana sukari tangu utotoni, ile ya kuchoma insulini, na mimba yake ilipofika miezi minne alinitumia picha ya karatasi ya maabara kwa WhatsApp. Kreatinini 82, pembeni wameandika kiwango cha kawaida 44 mpaka 97, chini kaandika "figo ziko poa Alhamdulillah". Nikafurahi naye. Kesho yake daktari kaiangalia karatasi ile ile akasema hapana, hii imepanda, leta mkojo tupime protini. Sasa imepanda vipi na iko katikati ya kiwango?

Iko hivi. Mwanamke akishika mimba, tangu wiki za mwanzo kabla hata tumbo halijaonekana, mishipa ya damu inatanuka na damu inaanza kuongezeka, baadae inafika karibu mara moja na nusu ya aliyokuwa nayo, na yote lazima ipite kwenye figo. Kwa hiyo figo zinaongeza kasi ya kuchuja kwa karibu asilimia 50, na hapo ujue figo za mtu mzima asiye na mimba zinachuja kama lita 180 kwa siku (karibu yote inarudishwa mwilini, ndo maana hatukojoi mapipa). Kreatinini ni taka inayotoka kwenye misuli, figo zikichapa kazi hivo inaondoka haraka, ukipima damu unaikuta imeshuka. Mjamzito mwenye figo nzima mara nyingi anasoma kati ya 35 na 70, ikipita 77 wataalamu wanaanza kuhisi kuna shida. Ile 44 mpaka 97 iliyochapwa kwenye karatasi ni ya wasio na mimba.

Sasa weka na sukari hapo. Kila figo ina vichujio vidogo sana kama milioni moja, na sukari ikikaa juu miaka mingi kuta za hivyo vichujio zinakuwa nene, zinakakamaa, alafu zinaanza kuvuja, na cha kwanza kuvuja ni protini inaitwa albumini. Haumi. Hausikii chochote, yaani mtu anaweza kushika mimba figo zimeshachoka na yeye anajiona mzima kabisa. Baadae ndo unaona mkojo una povu zito kama la sabuni ambalo halipotei, au uso umevimba asubuhi.

Ndo maana ukienda kliniki unapewa kikopo. Wanachovya kijiti chenye vipande vya rangi, kile cha protini kinakuwa njano na kikikutana na protini kinageuka kijani, kadri ilivyo nyingi ndo kijani kinakolea. Ila protini kidogo kijiti hakiioni, kwa hiyo mwenye sukari anahitaji mkojo wake upelekwe maabara kupimwa albumini kwa hesabu, na hiyo ifanyike mapema, kwenye hudhurio la kwanza. Kwa maoni yangu hapa ndo panapuuzwa kuliko kote. Kwa nini? Kwa sababu baada ya wiki 20 presha ikifika 140/90 na protini ikaonekana, inaweza kuwa ndo mwanzo wa kifafa cha mimba, na wenye figo mbovu wanakipata zaidi ya wengine, sasa kama hakuna aliyepima mwanzoni utajuaje hiyo protini ni mpya au alikuja nayo?

Alafu kuna dawa. Wengi wenye sukari na protini wanatumia enalapril, lisinopril au losartan, ni dawa nzuri sana kwa figo za mama, lakini zinaumiza figo za mtoto tumboni, na maji anayoogelea mtoto sehemu kubwa ni mkojo wake mwenyewe, figo zake zikikwama maji yanapungua. Daktari anabadilisha kwenda methyldopa, nifedipine au labetalol. Tafadhali usiache kimya kimya, nenda kaseme, na ikiwezekana kaseme kabla ya kushika mimba. Diklofenaki na ibuprofen za kununua duka la dawa kwa ajili ya mgongo pia achana nazo. Na ukipata homa na maumivu ya ubavuni, hasa wa kulia, hospitali siku hiyo hiyo, maana mimba inabana mirija ya mkojo na maambukizi yanapanda mpaka kwenye figo.

Wale wa sukari iliyoanza na mimba, figo kuharibika kwa hiyo sukari ni nadra kwa sababu uharibifu unachukua miaka, kwenu macho yawe kwenye presha.

Mdogo wangu protini ilikutwa, akabadilishiwa dawa, akaanzishiwa aspirini ndogo ya kuzuia kifafa cha mimba, akawa anapimwa presha mara kwa mara mpaka akajifungua wiki ya 36, mtoto wa kike. Miezi mitatu baadae karudi kupima, figo zimerudi kwenye mwendo wake wa zamani, kreatinini 106. Hiyo ndo ilikuwa imejificha nyuma ya ile 82. Karudishiwa enalapril, na ananyonyesha.