"Swali Hili Halikufundishwa": Ufafanuzi kwa Wazazi na Walimu wa Hisabati

Kila matokeo yanapotoka tunapokea lalamiko lilelile: swali fulani la hisabati watoto hawakufundishwa. Barua zote tunazisoma. Tunaomba tu kila barua itaje namba ya swali na mada inayodaiwa kutokuwamo kwenye mtaala, kwa kuwa jopo hulinganisha hivyo viwili, na aliyetunga swali haruhusiwi kukaa kwenye jopo hilo. Ikithibitika kuwa mada haimo, swali hufutwa kwa watahiniwa wote, pamoja na waliolipata. Mara nyingi, hata hivyo, mada imo. Kilichobadilika ni sura ya swali.

Hilo si uzembe wa mtoto. Mwaka 1985, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakichuuza mitaani mjini Recife, Brazil. Walipoulizwa bei na mteja, walipatia takriban asilimia 98 ya hesabu. Walipopewa hesabu za namna hiyohiyo zikiwa namba tupu, walipatia takriban asilimia 37. Kukokotoa walijua. Hawakuitambua hesabu yao ilipovuliwa mazingira yake.

Tumeshaeleza mara nyingi kwamba kurudia maswali hamsini ya aina moja si dawa, na bado tunaulizwa. Mwaka 2007, Doug Rohrer na Kelli Taylor waliwapa wanafunzi wa chuo mazoezi ya kutafuta mjazo wa maumbo manne. Waliofanya umbo moja hadi liishe walipata asilimia 89 wakati wa mazoezi. Waliochanganyiwa, asilimia 60. Wiki moja baadaye walipimwa: wa kwanza asilimia 20, waliochanganyiwa 63. Sababu iko wazi. Ukurasa mzima unapotaka kanuni moja, mwanafunzi hachagui chochote, ilhali kwenye mtihani kazi ya kwanza ni kuchagua.

Kulinganisha mifano husaidia pia. Mweke mwanafunzi mbele ya swali la mabomba mawili yanayojaza tangi na la vibarua wawili wanaochimba mtaro, kisha muulize yanafanana wapi kabla hajakokotoa. Akisema mwenyewe kwamba yote mawili yanajumlisha kiasi cha kazi kwa saa, amelishika wazo.

Kwa hiyo, mwalimu, changanya maswali ya mada zilizopita katika zoezi la wiki. Vema zitapungua daftarini kwa muda. Mzazi, tunakuomba usimshinikize mwalimu arudie utaratibu wa zamani.