Mzigo uliofungwa kwa makosa: virusi vya bakteria na usugu wa dawa

Madaktari wanaoniletea sampuli maabara huniuliza swali moja mara kwa mara: "Mgonjwa wangu hajawahi kutumia dawa hii. Huyu bakteria usugu kautoa wapi?" Mara nyingi sampuli huwa ni usaha wa kidonda. Nimeuotesha, akaota Staphylococcus aureus, na vile vikaratasi vyenye dawa nilivyovipanga kwenye sahani havikumzuia. Ameota hadi ukingoni mwa vikaratasi.

Ameupata kwa jirani. Bakteria hurithi vinasaba kwa mzazi, lakini pia huvipokea kutoka kwa bakteria wengine wasio wa ukoo wake. Huweza kuokota DNA iliyomwagika baada ya mwenzake kufa. Huweza kugusana na mwenzake na kupewa plasmidi, yaani kile kipande cha DNA cha mviringo. Na huweza kuletewa na virusi. Njia mbili za kwanza wanafunzi wangu huzieleza vizuri. Hii ya tatu huandikiwa mstari mmoja kwenye daftari na kusahauliwa, wakati kwa Staphylococcus aureus ndiyo njia kuu. Bakteria huyu ni mzito wa kuokota DNA, na plasmidi zake nyingi haziwezi kujihamisha zenyewe.

Virusi vinavyoshambulia bakteria tunaviita bakteriofaji, au faji kwa kifupi. Frederick Twort wa Uingereza aliandika habari zao mwaka 1915, na Félix d'Hérelle akawapa jina mwaka 1917 akiwa Paris. Faji hana uwezo wa kuzaliana peke yake. Hutua juu ya bakteria, humdunga DNA yake, na kiwanda kizima cha bakteria hugeuzwa kutengeneza faji wapya. Mwishowe bakteria hupasuka na faji humwagika kwa makumi au mamia.

Kosa hutokea wakati wa kufungasha. Kichwa cha faji ni ganda tupu la protini, na kuna mashine ndogo inayosukuma DNA ndani mpaka kichwa kijae, kisha inakata. Mashine hiyo hutambua pa kuanzia kwa alama fulani katika DNA ya faji. Lakini DNA ya bakteria nayo ina sehemu zinazofanana na alama hiyo. Mashine ikikosea na kuanzia hapo, ganda hujazwa DNA ya bakteria. Faji wa namna hiyo kwa nje ni mzima kabisa, hutua na kudunga kama kawaida, ila anachodunga si virusi. Ni kipande cha bakteria aliyekufa. Kama kipande hicho kilikuwa na jeni ya kuvunja penisilini, bakteria mpya hapati ugonjwa, anapata kinga dhidi ya penisilini.

Jambo hili liligunduliwa na Norton Zinder na Joshua Lederberg, waliolichapisha mwaka 1952. Walikuwa wakichunguza bakteria aina ya Salmonella, wakitarajia kuona bakteria wakibadilishana vinasaba kwa kugusana. Wakaona sifa zinahama hata pale aina mbili za bakteria zilipotenganishwa kwa kichujio ambacho bakteria hawezi kupenya. Kimeng'enya kinachoharibu DNA iliyo wazi nacho hakikuzuia. Kwa hiyo DNA ilikuwa imefunikwa na kitu, na kitu hicho kilikuwa faji, P22. Usugu wa dawa ulikuwa miongoni mwa sifa walizoziona zikihama. Kwa sifa moja moja, kiwango cha juu kilikuwa kama mara mbili katika milioni. Msomaji anaweza kuona hiyo ni ndogo mno, lakini chupa moja ya mchuzi wa kuoteshea ina bakteria mabilioni, na utumbo wa mtu unazidi hapo.

Tena mnamo 2018 tulijifunza kwamba kiwango hicho chaweza kuwa kikubwa zaidi. John Chen, José Penadés na wenzao walieleza katika Staphylococcus aureus jambo ambalo mimi nalihesabu kuwa kubwa kuliko yote katika fani hii tangu Zinder. Kuna faji ambao hawaui mara moja. Hujipachika ndani ya kromosomu ya bakteria, yaani uzi wake mkuu wa DNA, na kulala humo, wakirithishwa kizazi hadi kizazi. Tulizoea kufundisha kwamba faji akiamka, hujichomoa kwanza, kisha hujinakili. Kumbe faji hawa huanza kujinakili na kufungasha wakiwa bado wamepachikwa. Mashine hujaza kichwa cha kwanza, na kwa kuwa DNA ya faji imeungana na ya bakteria, inaendelea kujaza cha pili, cha tatu na kuendelea, ikiingia ndani kabisa ya kromosomu ya mwenyeji. Jeni zilizo upande huo zilihama kwa wingi hata mara elfu kuliko kwa njia ya makosa ya kawaida.

Sasa niseme kinachonikosesha usingizi: ni nini kinachomwamsha faji aliyelala?

Anaamshwa na hatari. DNA ya bakteria ikikatika, bakteria hupiga mbiu ya ndani iitwayo SOS. Protini iitwayo RecA hukusanyika kwenye DNA iliyoharibika na kusababisha kizuizi kilichomlaza faji kujikata. Faji "anajua" nyumba inaungua, naye anatoka. Na dawa gani hukata DNA ya bakteria? Sipro, yaani siprofloksasini, ile ile antibayotiki inayouzwa dukani vidonge viwili vitatu kwa mtu anayeumwa tumbo. Dozi isiyotosha kuua yaweza kutosha kuamsha. Tumezoea kuwaambia watu kwamba matumizi holela ya antibayotiki huwaacha hai bakteria sugu. Ni kweli, lakini dawa hizo zaweza pia kuwatoa wabebaji nje na mizigo yao. Mwaka 2014 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba karbadoksi, dawa iliyokuwa ikichanganywa kwenye chakula cha nguruwe, iliamsha faji ndani ya Salmonella yenye usugu wa dawa nyingi, na faji hao wakahamishia jeni za usugu kwa Salmonella wengine.

Hata hivyo sipendi jambo hili litiwe chumvi. Miaka ya nyuma zilitoka ripoti nyingi zikisema faji wa kwenye maji taka wamejaa jeni za usugu. Mwaka 2017 François Enault na wenzake walizipitia upya takwimu za aina hiyo na kuonyesha kwamba faji wenyewe ni nadra kumiliki jeni hizo. Nyingi zilitokana na mabaki ya DNA ya bakteria kwenye sampuli, au vigezo vya kompyuta vilivyolegezwa mno. Mfano wa karibu nasi ni Salmonella ST313, inayoingia kwenye damu ya watoto wetu Afrika, hasa wenye malaria au utapiamlo. Ina faji aitwaye BTP1 anayeamka mara kwa mara bila kuchokozwa. Ni rahisi kumtuhumu, lakini jeni za usugu za bakteria hao ziko hasa kwenye plasmidi. Kumkuta faji karibu na jeni hakutoshi kumhukumu.

Wengi wenu mmeniandikia mkiuliza kama basi tiba ya faji, yaani kumpa mgonjwa faji wamuulie bakteria, inayotumika tangu zamani Tbilisi, Georgia, ni hatari. Inategemea faji yupi. Anayejipachika na kulala simtaki kwenye dawa. Anayefungasha kwa kujaza kichwa namtilia shaka mpaka nimpime. Lakini kuna kama T4, anayemshambulia bakteria wa utumbo aitwaye E. koli: akishaingia tu, huikatakata DNA ya mwenyeji na kuitumia kama malighafi ya DNA yake. Wakati wa kufungasha ukifika, karibu hakuna DNA ya bakteria iliyobaki ya kufungwa kwa makosa. Nikipata faji mpya kutoka kwenye maji ya mfereji, kabla sijahesabu ameua bakteria wangapi, naangalia kwanza anaifanyia nini DNA ya mwenyeji.