Kujifungua nyumbani kwa mkunga: maana yake na hesabu yake

Mtu wa Kigoma akikuambia "nitazalia nyumbani, mkunga yupo", bado hujajua amesema nini. Neno mkunga limebeba watu wawili. Yupo mkunga mwenye taaluma: amesomea, ana leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania, anapima presha, anachoma sindano ya kukaza kizazi na anajua kumpa hewa mtoto aliyezaliwa kimya. Na yupo mkunga wa jadi, bibi wa kijijini mwenye mikono mizoefu na heshima zake, asiye na dawa wala kipimo. Uchungu ukienda vizuri huwezi kuwatofautisha. Tofauti huonekana saa moja ya mwanzo baada ya mtoto kutoka.

Katika nchi ambako kuzalia nyumbani ni huduma rasmi, maana yake ni hii: mama asiye na dalili za hatari amekubaliana na wahudumu tangu kliniki, mkunga mwenye taaluma amefika na vifaa vyake, hospitali ina taarifa na gari la wagonjwa haliko mbali. Uingereza ni mfano mzuri. Utafiti mkubwa uliochapishwa huko mwaka 2011 ulionyesha kwamba kati ya wanawake 100 wa mimba ya kwanza waliopanga kuzalia nyumbani, takriban 45 walihamishiwa hospitali. Kwa waliokwisha kuzaa, ilikuwa kama 12 kati ya 100. Wengi hawakuwa wanakufa. Uchungu ulisuasua tu, au mama alitaka dawa ya maumivu. Lakini ukiiangalia 45 hiyo utaelewa kwamba safari ya hospitali ni sehemu ya huduma yenyewe, wala si ajali iliyoiharibu.

Ukiondoa gari na barabara, jina linabaki lilelile ila kitu chenyewe hakipo tena. Ndiyo maana mwongozo wa Wizara ya Afya hapa kwetu ni kujifungulia kituoni, na kliniki wanachoandaa pamoja na mama ni mpango binafsi wa kujifungua: utazalia wapi, utafikaje, nani atakusindikiza, nani atatoa damu, pesa iko wapi. Anayefikiria kuzalia nyumbani ana maswali hayohayo, tena yanamkaba zaidi.

Tuanze na kinachoua haraka. Mtoto akishatoka, mkunga hupapasa tumbo ahakikishe hakuna pacha, kisha ndani ya dakika 1 humchoma mama oksitosini, ile dawa ya kukaza kizazi, uniti 10 kwenye paja. Kitovu hukatwa baada ya dakika 1 hadi 3. Mkono mmoja hushikilia kizazi juu ya kinena, mwingine huvuta kitovu taratibu mpaka kondo la nyuma litoke, nalo huchunguzwa kama limetoka zima. Baada ya hapo kizazi hupapaswa kila dakika 15 kwa saa 2: kinatakiwa kiwe kigumu kama mpira. Kikiwa laini, damu inamwagika hata kama huioni. Mililita 500, yaani nusu lita, tayari ni nyingi. Na hapa nyumbani hudanganya kweli, kwa sababu kanga, mkeka na sakafu ya udongo hunywa damu. Watu wanaona "amechafuka kidogo" kumbe lita nzima imekwenda. Makadirio ya wataalamu ni kwamba mama anayevuja hivyo bila matibabu anaweza kufariki ndani ya saa 2.

Oksitosini nayo ina masharti. Hutunzwa kwenye jokofu, nyuzijoto 2 hadi 8, na joto huiondolea nguvu. Kichupa kilichoshinda siku kadhaa kwenye mkoba wa bodaboda kinaweza kuchomwa kisifanye kitu. Vidonge vya misoprosto, navyo vya kukaza kizazi, havihitaji jokofu. Vya kuzuia damu ni vitatu vya mikrogramu 200, humezwa mtoto akishatoka na ikishahakikishwa kwamba hakuna pacha. Vikimezwa mapema "ili uchungu ukolee" vinaweza kupasua kizazi. Dawa za kienyeji za kuongeza uchungu zina hatari hiyohiyo, tena hazina hata kipimo.

Kwa hiyo wapo ambao kuzalia nyumbani si la kujadili nao: wa mimba ya kwanza, aliyezaa mara tano au zaidi, aliyewahi kupasuliwa, mwenye mapacha au mtoto aliyetanguliza makalio, mwenye presha kuanzia 140/90, mwenye upungufu wa damu. Ukiwatoa hao kijijini, watakaobaki si wengi.

Sasa gharama. Watu hulinganisha vibaya: nyumbani ni zawadi ya mkunga na sabuni, hospitali ni nauli, vifaa na chakula cha msindikizaji. Kwa sera, huduma ya mjamzito katika vituo vya serikali ni bure, ila vifaa vikiisha stoo mama huambiwa aje na vyake, na malalamiko hayo yana haki. Mkoba wa kawaida una mpira wa kulalia wa mita 2, glovu, pamba, wembe mpya, klempu au uzi safi wa kitovu, beseni na kanga nne au tano. Lakini anayezalia nyumbani naye anavihitaji vyote, na juu yake abebe safari ya dharura. Hapo ndipo hesabu inapogeuka.

Tuseme bodaboda mpaka kituo cha afya ni shilingi 10,000 mchana na 20,000 usiku. Andika ya usiku. Tuseme gari la kukodi kutoka hapo hadi hospitali ni 80,000, vifaa 40,000 na chakula cha siku tatu 30,000. Jumla ni 170,000. Ukianza kuweka wiki ya 20 mpaka wiki ya 37, una wiki 17: ni 10,000 kila wiki. Bei za kwenu uliza kwenu. Muhimu ni kutokuandika nauli ya mchana, kwa sababu uchungu hauangalii saa.

Kwa vijiji vya mwambao wa Uvinza, kama Kalya na Buhingu, mara nyingi njia ni Ziwa Tanganyika, na ziwa likichafuka hata mwenye pesa hukaa ufukweni akisubiri. Kaliua na Sikonge huko Tabora, ziwa lao ni tope la masika. Kwa watu wa sehemu hizo, jawabu la nafuu ni kuhama mapema: wiki 2 au 3 kabla ya tarehe, kwa ndugu aliye karibu na kituo chenye chumba cha upasuaji, au katika nyumba ya kusubiria kama kituo kinayo. Tarehe utaipata kwa kuchukua siku ya kwanza ya hedhi ya mwisho, kuongeza siku 7 na kurudi nyuma miezi 3. Hedhi ya 10 Machi inakupa 17 Desemba. Wachache huzaa siku hiyohiyo, ndiyo maana hesabu ya kuhama inaanzia wiki ya 37.

Dharura ikitokea, namba 115 ya m-mama, mfumo wa usafiri wa dharura kwa wajawazito na watoto wachanga, ni ya bure. Pasipo gari la wagonjwa, hutumwa dereva wa jamii, na analipwa na mfumo, si na familia. Iandikwe ukutani, maana simu yenye namba huwa ya baba, na baba huenda yuko ziwani.

Bibi mkunga naye asifukuzwe kwenye mpango. Ndiye mama anayemwamini, na mara nyingi ndiye wa kwanza kuitwa usiku. Mpeni kazi ya kusindikiza, nauli yake iongezwe juu ya zile 170,000, na zawadi yake ibaki palepale, azalie mama wapi azalie. Akijua kwamba kanga na sukari yake havipotei mtoto akizaliwa kituoni, hatakuwa na sababu ya kusema "tusubiri kidogo".