Deni halina msimu: uvumi na ukweli kuhusu mkopo wa shahada ya sanaa

Matokeo ya kidato cha sita yakishatoka, simu yangu hailali. Safari hii aliyeanza ni mtoto wa mama mdogo: "Shikamoo kaka. Nataka kuomba sanaa, uchoraji. Nyumbani wanasema nitamaliza chuo na deni la Bodi ya Mikopo mgongoni na brashi mkononi. Kweli?" Tuliongea mpaka salio likakata. Mengi aliyoambiwa ni uvumi, machache ni kweli, na lililo zito kuliko yote hakuna aliyemgusia.

"Mkopo wa Bodi unazaa riba mpaka unazeeka nao"

Maneno haya yalikuwa na ukweli, kisha ukweli ukaondoka na uvumi ukabaki. Hadi 2021 deni la Bodi, ile ya serikali ya Tanzania inayokopesha wanafunzi wa elimu ya juu, lilikuwa likiongezwa asilimia 6 kila mwaka, tozo iliyoitwa ya kutunza thamani ya mkopo. Aliyechelewa kulipa aliongezewa adhabu ya asilimia 10. Watu walikatwa mshahara miaka na salio likasogea mwendo wa konokono, ndiyo maana kaka zetu wa wakati ule wakisikia neno Bodi wanakunja uso. Mei Mosi ya 2021, Rais Samia Suluhu Hassan alitangaza kuifuta tozo hiyo, na adhabu nayo ikaondolewa mwaka huohuo. Iliyobaki ni ada ya uendeshaji ya asilimia 1, inayotozwa mara moja tu.

Nusu nyingine ya hofu hii inatoka Marekani kwa njia ya YouTube. Huko kuna vyuo binafsi vya sanaa vinavyotoza zaidi ya dola 50,000 kwa mwaka, na mikopo yao inazaa riba. Kijana wa Mbagala anaitazama ile video usiku, asubuhi anaamka na deni la mtu mwingine. Hata jirani zetu Wakenya wasichukue hesabu zetu: HELB, bodi ya mikopo ya kwao, hutoza riba ya asilimia 4 kwa mwaka, na anayeacha kulipa hupigwa faini ya shilingi 5,000 za kwao kila mwezi.

"Ada ya sanaa ni ndogo, kwa hiyo na deni litakuwa dogo"

Ada siyo inayojaza kapu. Linalolijaza ni bumu, yaani pesa ya kujikimu chuoni. Posho ya chakula na malazi ilipanda kutoka shilingi 8,500 hadi 10,000 kwa siku mwaka wa masomo 2022/23. Tulifurahi, lakini nayo ni mkopo.

Tupige hesabu ya mfano. Ada tuiweke milioni 1 kwa mwaka. Siku za kupokea bumu tuziweke 240, hapo ni milioni 2.4. Vitabu na viandikio 200,000. Jumla milioni 3.6 kwa mwaka, na kwa miaka 3 milioni 10.8. Ongeza asilimia 1, unapata 10,908,000. Theluthi mbili ya deni hilo ni wali maharage na kitanda. Daktari na mwanasheria nao walikula wali uleule, ila wa sanaa alijibana akala mara moja kwa siku ili bumu likanunue rangi.

"Usipoajiriwa hudaiwi"

Hapa ndipo wengi wanapoumia, na ndiyo sehemu niliyomshikilia mdogo wangu muda mrefu kuliko zote.

Muda wa neema, yaani wa kukaa kabla ya kuanza kulipa, ni miezi 24 baada ya kumaliza. Ukishapita, kuna milango miwili. Aliyeajiriwa anakatwa na mwajiri asilimia 15 ya mshahara wa msingi, pesa haifiki hata mfukoni. Aliyejiajiri anatakiwa apeleke mwenyewe asilimia 10 ya mapato yake yanayotozwa kodi au shilingi 100,000 kwa mwezi, kutegemea kipi ni kikubwa. Msanii huyapita maneno hayo ya mwisho kama tangazo la redioni, na ndiyo yanayomhusu.

Chukua wahitimu wawili wenye deni lile la 10,908,000. Mmoja kaajiriwa, tuseme mshahara wake wa msingi ni 800,000. Anakatwa 120,000 na deni linaisha kwa miaka 7 na nusu hivi. Makato yanauma, lakini mwezi asio na mshahara hakatwi, na siku mshahara ukipanda makato yanapanda nao.

Wa pili anachora. Mwezi wa nane kauza picha 3 kwa mgeni Zanzibar, kila moja 800,000, jumla milioni 2.4. Mtaani habari imeshazagaa: jamaa kapiga hela! Sasa toa. Galari imechukua asilimia 40, yaani 960,000, na si wizi: galari nyingi duniani huchukua hadi nusu. Kanvasi, rangi za akriliki na fremu, 390,000. Boti ya kwenda na kurudi, kufungasha na kusafirisha mzigo, 150,000. Mkononi kabaki na 900,000, na mauzo mengine makubwa hayaji mpaka mwezi wa kwanza. Kwa miezi 5 hiyo anaishi kwa 180,000 kwa mwezi.

Asilimia 10 ya hiyo ingekuwa 18,000. Lakini sakafu ni 100,000, kwa hiyo sehemu kubwa kuliko nusu ya kipato chake inakwenda kwenye deni. Mwenzake mwenye mshahara anatoa asilimia 15. Nisieleweke vibaya, sheria haikumlenga mchoraji. Imeandikwa kwa kumfikiria mtu mwenye duka au kliniki, ambaye mwezi mbaya kwake bado ni mwezi. Sisi wachoraji tuna msimu wa watalii, kuanzia mwezi wa sita hadi wa kumi, kisha wa mwisho wa mwaka, halafu inakuja masika.

Kwa hiyo nilimwambia asikae akijiuliza kama deni ni kubwa. Ajiulize laki moja ya mwezi wa nne, mvua inanyesha na Stone Town hakuna mgeni, itatoka wapi. Mimi hutoa fungu la Bodi siku ileile picha inapolipwa, la miezi 3 au 4 kwa mpigo, kabla sijapita Kariakoo kununua rangi. Nimejifunza kwa kuchelewa, na mdhamini wangu, mjomba, ndiye aliyenikumbusha. Kwa sauti ambayo sitaki kuisikia tena.

"Tingatinga alisoma chuo gani?"

Swali hili huulizwa kwa ushindi, kana kwamba limefunga mjadala. Ni kweli, Edward Saidi Tingatinga, mchoraji ambaye mtindo wa picha za tingatinga umebeba jina lake, hakusomea sanaa. Alianza kuchora miaka ya mwisho ya 1960 kwenye vipande vya hadibodi kwa rangi za kung'aa za dukani, na picha zikauzwa Oysterbay, jirani na nyumba za wageni wenye pesa. Alikuwa na soko mlangoni kabla hajawa na jina. Wanaomtaja hawasemi kwamba aliwahi pia kuwa na ajira hospitali ya Muhimbili. Hawasemi kwamba alifundisha ndugu na jamaa waliokaa naye, yaani chuo kilikuwepo, kilichokosekana ni ada. Alikufa 1972, na picha za mtindo wake zinauzwa mpaka leo kila palipo na mtalii.

Mweke kando yake mchoraji Sam Ntiro, mzaliwa wa Kilimanjaro, aliyesoma Chuo cha Makerere, Uganda, kisha chuo cha sanaa cha Slade, London. Alichora maisha yake yote, lakini aliwahi kufundisha Makerere, na Tanganyika ilipopata uhuru akapelekwa London kuwa balozi. Shahada haikumuuzia picha. Ilimpa mshahara, na mshahara ukamwachia nafasi ya kuchora bila kuhangaikia mnunuzi. Mimi nikipima thamani ya shahada hii ndipo ninapotazama: ni kazi gani inaniruhusu niifanye huku naendelea kuchora?

"Hakuna ajira ya sanaa"

Zipo, ila hazitangazwi kwa jina la sanaa. Zinaitwa usanifu wa matangazo, mandhari ya filamu, vielelezo vya vitabu vya watoto, michoro ya kanga na vitenge. Mtaala mpya ulioanza Januari 2024 umeingiza sanaa bunifu katika mkondo wa amali, yaani wa ufundi na stadi za kazi, sekondari, na masomo hayo yanataka walimu. Tahadhari moja tu: shahada tupu ya uchoraji haikufanyi kuwa mwalimu, utahitaji kusomea ualimu juu yake, na hiyo ni ada nyingine na mwaka mwingine.

Mdogo wangu alinyamaza kidogo. Nilidhani ameshakata tamaa, au salio limekata tena. Kisha akauliza, "Kaka, hiyo fremu, ukitengeneza mwenyewe unaokoa shilingi ngapi?"

Nikamwambia aje Jumamosi na msumeno.